Manjano kwenye Chapa ya Mtaliano

Zehra alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa na karatasi ya watu ndani ya maji. Kazi yangu ni kuosha na kutengeneza karatasi kuukuu, ramani, barua, picha za chapa, na karatasi ikishaingia kwenye trei huwezi kuikimbia, hata kama simu inalia na jina linaloonekana ni la mtu ambaye hajakupigia miaka sita. Nikaiweka simu kwenye spika. Nilimsikia akivuta pumzi. "Dada Saada, baba amefariki. Jana, hospitali. Tunazika kesho baada ya Dhuhuri. Mama kasema you have to come." Zehra huyu nilimkuta ana miaka minane, anasikia kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na sasa ni mama mtu mzima anayejilazimisha Kiswahili kwa ajili ya msiba. Nikasema inna lillahi, nikasema poleni, nikasema nitakuja, yote kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha nikaisimamia ile karatasi mpaka dakika zake zikaisha, nikaitoa, nikailaza kwenye kitambaa, ndipo nikakaa kitako. Sikulia. Nilichohisi ni aibu, ileile ya miaka thelathini na ushee, na nilijua kwamba kuanzia siku hiyo haikuwa na mtu wa kupelekewa.

Nilikaa kwao mwaka mmoja tu. Anko Gulam na Anti Shirin walikuwa na fleti ghorofa ya sita huko Downsview, Toronto, madirisha yote yanatazama mapaa ya maghala, na walinipangisha chumba ambacho kwa haki kilikuwa cha Zehra. Mtoto akahamishiwa kwenye godoro chumbani kwa wazazi wake. Walikuwa Wahindi wa Dar, Makhoja, mimi mtoto wa Tanga, na kule nyumbani pengine tungepishana tu dukani, lakini Toronto Kiswahili kilitufanya ndugu ndani ya wiki moja. Kwa watoto wote wa jumuiya yao wao walikuwa anko na anti, basi na kwangu mimi pia. Anko alifanya kazi kwenye ghala la mizigo ya ndege Malton, zamu ya alfajiri, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba na nilisikia mengi, nusu Kikachi cha kwao nusu Kiswahili. Mara moja nilimsikia Anti akimwuliza kwa nini kila mtu msikitini anadhani yeye ni karani wa ofisi uwanja wa ndege. "Mimi nasema airport tu," Anko alijibu. "Hiyo ofisi wanaijenga wenyewe." Nikacheka peke yangu gizani, na kesho yake asubuhi Anti akaniuliza nilikuwa nacheka nini.

Lakini Dar alikuwa mchonga mihuri. Mihuri ya shaba ya makampuni, vibao vya majina vya mawakili na madaktari, sahani za zawadi za klabu za kriketi, vyote alivichonga kwa mkono, na miaka yote hiyo aliandika kinyumenyume, maana muhuri ukichongwa sawa huchapa upogo. Haya sikuyajua mpaka nilipoleta nyumbani fotokopi ya kazi ya chuo nikaiacha juu ya meza ya jikoni, pembeni ya bakuli la kachumbari. Ilikuwa picha ya gereza la kubuni, kazi ya mchonga chapa wa Kiitalia wa karne ya kumi na nane, mtu aliyezoea kuchapa picha za magofu ya Roma kwa ajili ya watalii, kisha akajifungia na kuchonga magereza ambayo hayajawahi kuwepo. Kuta kubwa, ngazi juu ya ngazi, madaraja, kapi, kamba, minyororo, na vijitu vidogo ambavyo hujui ni wafungwa au ni wapita njia. Mimi niliichukia. Nilikuwa natakiwa kuandika kurasa nane na sikuwa na la kusema zaidi ya kwamba inatisha. Anko akaingia, akavua koti la kazini, akaiona. Akafuta mikono kwenye suruali, akavaa miwani, akaichukua, akaigeuza, akaibandika uso wake kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite.

"Anko, picha iko upande huu," nikamwambia.

"Upande huo aliuona mteja," akasema. "Mimi nataka kuiona kama alivyoiona yeye kwenye bamba."

Alisimama pale mpaka Anti akamwita mara tatu kuja kula. Wakati wa kula hakunyamaza. Alinieleza jinsi bamba la shaba linavyopakwa nta, fundi akachora kwenye nta kwa sindano, kisha likatiwa tindikali ikala shaba pale tu sindano ilipopita. Na jinsi unavyoweza kuziba baadhi ya mistari, ukairudishia tindikali ile mingine ikaliwa zaidi, ikawa mizito. Zehra aliuliza kwa Kiingereza kama tindikali inaweza kula kidole, na Anko akamwonyesha kovu kwenye kifundo cha mkono. Mimi nilikuwa nimesoma mambo hayohayo kitabuni wiki nzima bila kuelewa. Nikaandika kwenye kitambaa cha karatasi cha mezani, chini ya doa la mchuzi.

Wakati huo nilikuwa na kazi ya saa chache kwa wiki kwenye chumba cha chapa cha chuo, kutoa makasha kabatini na kuyarudisha. Mkuu wa chumba nitamwita Bi Helen. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwadilifu, mwenye kuvaa miwani shingoni, na hakuwahi kunitendea ubaya. Nalisema mapema ili msije mkambebesha mzigo usio wake. Chumba kilikuwa wazi kwa mtu yeyote aliyeandikisha jina. Mtu akija alipewa penseli, akaonyeshwa kiti, akaambiwa asiguse picha. Nikamwandikisha Anko kwa Alhamisi, siku aliyokuwa na mapumziko, nikidhani atakuja mara moja ashukuru yaishe.

Alikuja amevaa suti. Suti ya kijivu, tai, viatu vilivyong'arishwa, na nywele kazipaka mafuta. Alikuja Alhamisi iliyofuata, na ile nyingine, msimu mzima wa baridi. Bi Helen alipomweleza kanuni mara ya kwanza, aliipeleka mikono yake mgongoni, akashika kifundo kimoja kwa mkono wa pili, na hakuiachia tena saa mbili nzima. Akiinama kuangalia, mikono mgongoni. Akitaka kunionyesha kitu, alionyesha kwa kidevu. Nilikuwa naona haya kidogo, niseme kweli: yule mzee aliyeinama kama anatafuta sindano sakafuni, na wanafunzi wenzangu wakipita. Nilimkalisha kwenye meza ya mwisho.

Chuo kilikuwa na nakala mbili za gereza lilelile, moja nyepesi yenye nafasi nyingi nyeupe, nyingine nzito, nyeusi, imejaa mihimili na minyororo ambayo ya kwanza haikuwa nayo. Mimi niliziona kama picha mbili. Anko alizitazama zote kwa zamu kwa muda mrefu sana, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Bamba ni moja." Nikamwuliza kajuaje. Akasogeza kidevu. "Ona hapa karibu na nguzo. Alisugua shaba afute kitu, shaba ikabonyea, wino umejikusanya kama ukungu. Na chini ya huu mhimili mpya, mstari wa zamani bado unapumua. Huyu bwana aliiuza kazi yake, watu wakaisifu au hawakuisifu, sijui, lakini miaka imepita na yeye hakuridhika. Akalitoa bamba kabatini akaanza upya juu ya palepale." Akarudisha macho kwenye ile nyepesi. "Inataka roho ngumu. Mimi sijawahi kuligusa tena bamba lililokwisha kwenda kwa mteja." Nikaenda kusoma, na vitabu vilisema hivyohivyo: bamba moja, matoleo mawili, miaka kadhaa katikati. Yeye aliyajua kwa macho.

Kuhusu ngazi zisizofika popote, wanafunzi wenzangu walisema ni ndoto, wengine wakasema ni homa. Anko alicheka. "Mtu anayechonga kamba hivi, kila uzi na kivuli chake, hawezi kukosea ngazi. Anajua. Anataka wewe upande na macho mpaka uchoke." Na siku nyingine, akitazama vile vijitu chini ya kapi kubwa, alisema bila masikitiko yoyote, "Hapa ni kazini kwangu. Mnyororo unashuka, mzigo unashuka, mtu huoni uso wake." Kuanzia hapo nilianza kuipenda ile picha. Nilipenda jinsi mkono ulivyokimbia kwenye vivuli na kutulia kwenye mawe. Nilipata alama ya juu kwa zile kurasa nane, na Bi Helen akaanza kunizungumzia kuhusu mafunzo ya kutengeneza karatasi kuukuu, nafasi moja tu kila mwaka, na barua ambayo angeniandikia. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Bila hiyo, kibali changu cha masomo kikiisha ningerudi Tanga mikono mitupu, na nilikuwa nimeshawaandikia nyumbani kwamba sirudi hivi karibuni.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Rajabu. Anti alinifungashia viazi vya manjano na chapati, akaniambia mlangoni, "Leo utakula peke yako, anko wako kafunga." Nilikula chakula kile kwenye korido nyuma ya chumba cha chapa, kwa mkono, haraka, na Anko kakaa kando yangu ananisimulia habari za muhuri wa mwanasheria mmoja wa Dar aliyekosea kuandika jina lake mwenyewe kwenye oda. Bi Helen akachungulia kusema kasha liko mezani. Bomba la maji lilikuwa ghorofa ya chini. Nikajifuta kwa kitambaa cha karatasi. Anayekijua chakula chetu anajua manjano hayaondoki kwa kitambaa cha karatasi. Hata kwa sabuni yanabaki kwenye kona za kucha mpaka kesho.

Simu ikalia ofisini, Bi Helen akatoka. Tulibaki sisi wawili na lile gereza jeusi. Anko alikuwa amewahi kuniambia kwamba wino wa chapa ya shaba husimama juu ya karatasi, hauzami kama wa gazeti, na ukipitisha kidole unausikia kama uzi wa tarizi. Miezi yote nilikuwa nikiyawaza hayo. Nikanyoosha mkono nikapitisha kidole gumba kwenye vivuli vya ngazi, polepole, kuelekea juu, na kweli nikausikia. Anko akasema "Saada" mara moja tu, kwa upole. Nilipoinua mkono, pale juu ambapo mwanga unaingilia, sehemu nyeupe pekee ya picha ile nzima, palikuwa na alama ya manjano yenye ukubwa wa punje ya hindi.

Bi Helen aliiona kabla hajaketi. Hakupiga kelele. Alivaa miwani, akainama, akainuka. Kisha akamtazama Anko. Hakunitazama mimi hata kidogo, na nimekaa na hilo miaka yote hii, kwa sababu ningeweza kumlaumu kwalo, na nimejaribu, ila ukweli ni kwamba alitazama upande mmoja kwa kupepesa macho tu, na mimi nilikuwa na mdomo. Akaniuliza mimi, kwa Kiingereza, kama yule mzee ameigusa picha. Mikono ya Anko ilikuwa mgongoni. Alikuwa hajatia kitu kinywani tangu kabla ya jua kuchomoza. Sentensi moja ingetosha: huyu kafunga. Nikaiangalia meza. Sijui zilipita sekunde ngapi, na sitazikuza hapa ili nionekane nilipambana, sikupambana. Nilikuwa nawaza ile barua.

"Sorry, madam," Anko akasema kwa Kiingereza chake. "My hand. I forgot."

Bi Helen akafumba macho, akayafumbua. Akaniambia nimweleze kwa lugha yake kwamba hataweza kuja tena, kwamba ni kanuni, kwamba anasikitika. Anko alikuwa ametoka kumjibu kwa Kiingereza sekunde hiyohiyo. Na mimi nikageuka nikamtafsiria. "Anko, anasema usije tena. Anasema ni kanuni." Alinisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa, kama mtu ambaye bila mimi asingeelewa. Kisha nikapewa fomu nijaze, na kwenye nafasi ya jina la aliyesababisha uharibifu nikaandika jina lake kwa penseli, kwa mwandiko mzuri. Kidole gumba changu nilikikunja ndani ya ngumi nikiandika.

Tulirudi kwa treni ya chini ya ardhi kisha basi. Alinipisha kiti cha dirishani. Nyumbani alifungua kwa tende na maji, akaswali, akaja mezani, na Anti akamwuliza picha zilikuwaje leo. "Nzuri," akasema. "Ila zile ngazi za chuo zinaniua magoti. Nafikiri nitapumzika kidogo." Anti akasema afadhali, alikuwa akimwambia siku zote apumzike. Nilikuwa nimeshika kijiko. Nilisubiri aniangalie, hata kwa hasira, hakuniangalia. Alimwomba Zehra asimulie shule. Alhamisi zilizofuata alibaki nyumbani na fulana, akaangalia televisheni bila sauti ili Anti asinzie. Suti ikarudi kwenye mfuko wake wa nailoni.

Nilijaribu mara moja. Wiki tatu baadaye nilimkuta jikoni peke yake anamenya vitunguu saumu, nikasema, "Anko, kuhusu siku ile." Akaendelea kumenya. "Barua umepata?" akauliza. Nikasema Bi Helen ameahidi kuiandika. "Basi ngoja ipate kuandikwa," akasema, akanisogezea vitunguu nimsaidie. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Nilimenya vitunguu moyo mwepesi. Barua iliandikwa, niliisoma baadaye kwenye faili, na kati ya sifa nilizopewa lilikuwemo neno uaminifu.

Nafasi niliipata. Nikahama Downsview mwisho wa mwaka ule, nikawa nakwenda kuwaona kila Idi, kisha Idi moja moja, kisha nikawa napiga simu. Walihamia Mississauga kwa Zehra. Kutoka kwangu ni nusu saa kwa gari kama barabara ni nzuri. Kosa la siku ile nililifanya nikiwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na ukitaka unaweza kunitafutia udhuru. La baadaye halina. Nimefanya kazi kwenye vyumba vya chapa vya mji huu maisha yangu yote. Nimekuwa mtu wa kuamua nani aingie, na nimewafungulia makasha matajiri waliokuja kwa sababu mvua inanyesha nje. Ningeweza kumpigia simu Anko Gulam Alhamisi yoyote. Ningeweza kumwekea gereza jepesi na gereza jeusi mezani, nikamvutia kiti cha mbele, nikamwacha atazame mpaka achoke. Sikufanya, kwa sababu angekuja, angevaa ile suti, na angeweka mikono yake mgongoni mbele ya macho yangu. Niliona bora akose picha kuliko mimi nione hivyo. Maandishi haya ndiyo mara ya kwanza ninaisema hiyo sababu kwa maneno.

Jumatano nilikwenda Mississauga. Nilikuwa nimeazimia, tangu barabarani, kumwambia Anti kila kitu siku hiyohiyo, kabla kaburi halijafukiwa. Msikiti una ukumbi wa wanawake, na sisi tuliokaa humo tuliletewa mambo ya upande wa wanaume kwa vipaza sauti vya ukutani. Anti alikuwa kwenye kiti, amekuwa mdogo, miguu haifiki chini vizuri. Alinishika uso kwa mikono miwili. Akawaambia wanawake waliomzunguka, kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Huyu ni Saada wetu. Huyu alimchukua baba Zehra kumwonyesha picha chuoni, bure, kila wiki. Hakuna mtu mwingine kwenye nchi hii aliyemkumbuka kuwa ni fundi." Wanawake wakaniangalia kwa wema. Zehra akaniletea kiti kando ya mama yake, na nikafungua mdomo niseme, Anti, naomba nikwambie jambo.

Kipaza sauti kikakwaruza. Ilikuwa sauti ya mkwe wao, mume wa Zehra, anasoma kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili kilichojaa tahadhari. Alishukuru watu kwa kuja. Alisema jeneza liko mbele yao. Kisha akasema kama inavyosemwa kwetu sote, Tanga, Dar na popote: marehemu alikuwa binadamu, aliishi na watu, na kama kuna yeyote hapa aliyewahi kukosewa naye, kwa neno au kwa kitendo, familia inaomba, kwa ajili ya Mungu, amsamehe sasa. Ukumbi ukaitikia, wanawake wazee na wasichana, sauti zikapandiana. Tumemsamehe. Tumemsamehe.

Anti alikuwa ananitazama mdomoni. Alikuwa anangojea, kama mjane anavyongojea kwa kila mmoja aliyepo, na macho yake yalinisihi nisimwache mumewe aondoke na mzigo wowote wa kwangu.

"Nimemsamehe," nikasema.

Akachukua mkono wangu wa kulia, akaubusu, akasema, "Ahsante, mwanangu. Alikupenda sana."